Haki Haigawiwi kwa Mkono wa Mheshimiwa

Imekuwa ni itikadi katika Garissa, Wajir na Mandera, nayo husemwa na wazee kwa vijana, sokoni na misikitini baada ya sala, ya kwamba lau si Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge, ambao watu wote huuita CDF, Kaskazini Mashariki ingelibaki kama ilivyoachwa na Mwingereza. Na kwamba kila mwenye kutaka kuufunga mfuko huo kwa masharti, awe jaji au mwanaharakati wa Nairobi, ni adui wa mfugaji. Rai hii naipinga, wala siipingi kwa kuwadharau wenye kuishika, maana ndani yake mna mzizi wa kweli. Naipinga kwa sababu imetufanya tuipiganie hisani kwa nguvu zetu zote, tukaisahau haki.

Mzizi wenyewe ni huu. Waraka wa Serikali Namba 10 wa mwaka 1965 uliamua ya kwamba fedha za maendeleo zielekezwe mahali penye rutuba, mvua na njia za usafiri, ambako zingeleta faida kubwa na ya haraka, na kwa uamuzi huo nchi yetu iliyo ng'ambo ya Mto Tana ikahesabiwa kuwa si mahali pa kutiliwa mali. Na juu ya hayo, hali ya hatari iliyotangazwa mwezi wa Desemba 1963, uhuru ukiwa bado mchanga, haikuondolewa hadi mwaka 1991, hata raia akawa humjua askari kabla ya kumjua mwalimu au tabibu. Basi ilipotungwa sheria ya CDF mwaka 2003, ikatenga asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali, na wazazi wa Ijara na Lagdera wakaona darasa likisimama na basari ikiwafikia wana wao, si ajabu hata kidogo kwamba mfuko huo ulipendwa.

Lakini tuitazame hesabu yake. Kwa sheria ile ya 2003, robo tatu ya fedha ziligawanywa sawasawa baina ya maeneo bunge yote ya Kenya, na robo moja tu ndiyo iliyopimwa kwa umaskini. Yaani eneo la jangwa, lisilo lami wala umeme, lilipewa karibu sawa na eneo la milimani ambalo Serikali imelihudumia tangu zama za wakoloni. Mgao wa kulingana baina ya wasiolingana hauwi fidia ya dhuluma, kwani huiacha tofauti pale pale ilipokuwa.

Isitoshe, fedha za mbunge hujenga kuta, na kuta peke yake hazisomeshi. Mwezi wa Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, hapa hapa kaunti ya Garissa, na Tume ya Huduma kwa Walimu ikawaondoa walimu wasio wenyeji katika sehemu nyingi za Kaskazini Mashariki. Madarasa yakabaki, yakiwemo yaliyoandikwa CDF ukutani kwa rangi, na watoto wakakaa bila ya mtu wa kuwafundisha. Mwalimu, amani na barabara ya kwenda Modogashe na Wajir ni amana iliyo juu ya Serikali, wala hakuna mfuko wa eneo bunge uwezao kuibeba.

Huambiwa ya kwamba mahakama zimetuonea. Mwezi wa Agosti 2022 Mahakama ya Juu iliihukumu sheria ya CDF ya mwaka 2013 kuwa kinyume cha Katiba, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema vivyo hivyo juu ya ile iliyofuata ya 2015, ikaamuru mfuko ukome tarehe 30 Juni 2026. Hoja ya majaji ni ya insafu: mbunge ndiye apitishaye bajeti, na ndiye aliyewekwa kuichungua, akiwa na mkono pia katika kuitumia, nani atamhesabia? Na kwetu sisi, ambako kura aghalabu hupigwa kwa ukoo, swali hili ni zito kuliko mahali pengine, kwa kuwa mjane wa ukoo mdogo anapoinyoosha karatasi yake ya basari, hamwendei mwenye wajibu bali anamwendea mshindi.

Wamarekani nao, ambao wabunge wao walizoea kuchomeka miradi ya kwao katika miswada ya matumizi, waliisimamisha desturi hiyo mwaka 2011, na walipoirejesha 2021 waliiwekea kiwango cha juu, wakataka kila ombi litangazwe kwa jina la mwombaji, naye athibitishe kwamba yeye na jamaa zake wa karibu hawana maslahi ndani yake. Waheshimiwa wetu, badala ya kujifunga hivyo, walipitisha katika Bunge la Taifa, Julai 2025, mswada wa kuichomeka mifuko yao ndani ya Katiba yenyewe.

Na ndani ya Katiba hiyo mna haki yetu tayari. Ibara ya 204 imeanzisha Mfuko wa Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato yote ya Serikali kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizotengwa tu. Na Garissa, Wajir na Mandera zilikuwamo katika kaunti 14 za kwanza zilizotajwa. Fedha hizi hazikutoka ila kwa uchache na kwa kuchelewa, ilhali Bunge lenye wajibu wa kuziidhinisha halikukawia kuzidai za wabunge wake. Muda wake ni miaka 20, unaokoma Agosti 2030, na kuurefusha kwahitaji sheria iliyoungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Bunge la Taifa na zaidi ya nusu ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Atakayekuja kutuomba kura mwaka 2027 na atuambie ataitafutaje nusu hiyo, na malimbikizo yasiyolipwa atayadai kwa njia gani, kabla hajatuhesabia madarasa aliyotujengea.