Kabla ya kuilaumu diski
Ukikanyaga breki za Datsun 240Z na usukani ukaanza kutetemeka mikononi, fundi mwenye haraka atakwambia diski zimepinda, lete nyingine. Mwache aseme. Gari hili, ambalo Edgar Herrmann alishinda nalo Safari Rally mwaka 1971 na Shekhar Mehta mwaka 1973, lina diski mbele na dramu nyuma, kwa hiyo kwanza ujue mtetemo unatoka wapi. Tafuta barabara tupu, nenda mwendo wa pole, kisha vuta breki ya mkono taratibu huku umebonyeza kitufe chake. Hiyo hushika dramu za nyuma peke yake. Gari likitikisika, anza na dramu. Likitulia, inua mbele, shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, rekebisha beringi kwanza, maana diski imefungwa nyuma ya habu, na habu ikilegea kila kipimo kitakuwa uongo. Hapo ndipo geji ya mshale inapoingia kazini: ncha yake iguse uso wa diski, nayo diski izungushwe polepole. Mshale ukihama zaidi ya sehemu ya kumi ya milimita, usikimbilie kukereza. Fungua, kwangua kutu iliyojificha kati ya diski na habu, funga, upime tena. Kutu nyembamba kama karatasi inatosha kuipindisha diski nzima. Kazi hii inakula nusu siku na grisi mpya ya beringi, ndiyo maana wengi hawaitaki: kuuza diski kunalipa zaidi.