Chombo Hakiendi Ila kwa Nyenzo



Simama asubuhi pale Petite Barrière utazame maelfu ya watu wakivuka kwa miguu baina ya Gisenyi na Goma, wamejitwika nyanya, vitunguu na unga. Miongoni mwao wamo vijana wa rika lako wanaobeba mizigo ya wengine kwa ujira wa siku. Si mbali na hapo liko Ziwa Kivu, nalo lina kazi tele: kuvua, kuvusha abiria, kutembeza wageni. Lakini kila kikundi cha vijana kinapoomba ruzuku ya kununulia mitumbwi na majaketi okozi, wakubwa huwatupia methali moja: “Mtegemea cha nduguye hufa maskini.”

Methali hiyo ni ya kweli, ila hapa imewekwa pasipo pake. Mimi nawajibu kwa nyingine: chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Nyenzo, kwa maana yake ya asili, ni magogo yanayotandazwa chini ya chombo ili kisogezwe. Wasukumaji wawe hodari kiasi gani, bila magogo hayo chombo kitabaki mchangani.

Tuutazame uvuvi wa sambaza. Hufanywa usiku kwa taa, kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, pamoja na wavu mkubwa katikati. Niambie, kijana anayelipwa kwa kila mzigo atadunduliza miaka mingapi hata avipate vyote hivyo? Akienda benki ataulizwa dhamana, naye hana shamba wala nyumba. Akikodi chombo, mwenye chombo atachukua fungu lake kwanza. Huyu si mvivu, amefungiwa mlango. Ruzuku ya vifaa ndiyo ufunguo.

Nao wasemao kwamba cha kupewa hudumaza, wawaulize wavuvi historia ya sambaza wenyewe. Samaki hao hawakuwa wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Waliletwa wachanga, wakazaliana, na leo wanalisha watu wa pande zote mbili za mpaka. Ziwa lilipewa mtaji likauzidisha. Kwa nini tuamini kwamba vijana hawawezi kufanya hivyo?

Kuna jambo zito zaidi ya riziki, nalo ni uhai. Tarehe 3 Oktoba 2024, chombo MV Merdi kilichotoka Minova kilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakikitazama kutoka ufukweni. Kilikuwa kimepakia kupita kiasi, na makumi ya abiria walikufa. Wengi walipita majini kwa kuwa vita vilikuwa vimefunga barabara. Mbele ya msiba kama huo, nani atathubutu kuliita jaketi okozi anasa?

Hata hivyo, sitetei kila ruzuku. Niliwahi kuhudhuria semina ya siku mbili juu ya usalama wa majini. Tuligawiwa fulana, kalamu na chai, tukapigwa picha. Jioni ya siku ya pili, vijana walirudi ziwani kwa mtumbwi uleule, bila jaketi hata moja. Fedha zilikuwapo, zimekwisha kuliwa na ukumbi na posho. Semina haielei, ndugu zangu. Mafunzo ni mema yanapofuatana na vifaa; yakija peke yake ni kumfundisha mtu kulima huku umemnyima jembe.

Basi, iwapo kikundi cha mtaani kwenu kitakuomba ukiandikie barua ya ruzuku kwa kuwa unakijua Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda, usikubali kuwa karani tu. Uliza maswali manne. Je, vifaa vitakuwa mali ya kikundi au ya mwenyekiti? Je, kila safari itatengewa akiba ya kuziba nyufa na kubadili kamba? Je, daftari la hesabu litasomwa mbele ya wanachama wote? Je, idadi ya majaketi inalingana na idadi ya watakaopanda? Jibu moja likikosekana, weka kalamu chini mpaka lipatikane.

Nanyi mnaogawa fedha, nunueni kwanza kinachoelea, kinachoangaza na kinachookoa. Mkishafanya hivyo, wadaini vijana hesabu kwa ukali mnaoutaka, nami nitakuwa upande wenu. Lakini msiwanyime magogo kisha mkawacheka kwamba wameshindwa kusukuma.