Mcheza Kwao Hutunzwa?

Mwaka 2004 Hubert Sauper alitoa Darwin's Nightmare, filamu ya hali halisi kuhusu sangara wa Mwanza. Mwaka 2006 viongozi wetu waliilaani, na watu wakaandamana. Sawa. Lakini, ndugu msomaji, ni nani kati yetu amewahi kumchangia Mtanzania atengeneze ya kwake?

Hapa Mpanda harusi ina kamati, mweka hazina na kadi za michango. Kijana mwenye kamera huambiwa asubiri mfadhili. Anaposubiri, wazee waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakafyeka pori la Katumba, ambao wengi wao ni raia wenzetu leo, wanazikwa mmoja mmoja pamoja na simulizi zao.

Nairobi hawakusubiri. Judy Kibinge alianzisha Docubox, mfuko wa kuwasaidia watengenezaji wa filamu za namna hii. Sisi Katavi tunashindwa hata kuunda kamati? Petroli ya pikipiki hadi Katumba na posho ya siku kumi haifikii gharama ya ukumbi wa harusi moja. Tukishindwa hilo, mgeni akija kutusimulia apendavyo, tusipige kelele.