FSH kupanda si hukumu ya utasa

MWANAMKE aliye chini ya miaka 40 anapokosa hedhi kwa miezi kadhaa, swali la kwanza nyumbani huwa ni ujauzito. Ikithibitika kuwa hana mimba, maswali hugeuka minong'ono, na mara nyingi karatasi moja ya maabara ndiyo inayoamua iwapo ataitwa tasa.

Kipimo kinachoangaliwa zaidi katika karatasi hiyo ni cha homoni ya FSH. Homoni hiyo hutengenezwa na tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuziamuru ovari kukuza mayai. Ovari zikiitikia hutoa estrojeni, ambayo huiarifu pituitari ipunguze kasi. Ovari zinapodhoofika taarifa hiyo haifiki, nayo pituitari huzidi kupaza sauti. Ndiyo maana FSH huwa juu huku estrojeni ikiwa chini.

Kwa mujibu wa mwongozo wa kitaalamu uliotolewa Ulaya mwaka 2016, tatizo hilo lilithibitishwa iwapo hedhi ilipotea au kuvurugika kwa angalau miezi minne, na FSH ikazidi uniti 25 kwa lita katika vipimo viwili vilivyopishana kwa zaidi ya wiki nne. Mwongozo mpya wa mwaka 2024 unaeleza kuwa kipimo kimoja cha FSH kinatosha. Cha pili hufanyika pale penye shaka.

Hata hivyo, namba pekee haijitoshelezi. Vidonge na sindano za uzazi wa mpango vyenye homoni vinaweza kuishusha FSH na kulificha tatizo. Kwa mwanamke anayepata hedhi, FSH hupanda kwa muda mfupi katikati ya mzunguko hata kama ni mzima. Aidha, matatizo ya tezi ya thairoidi na kupanda kwa prolaktini huweza kusimamisha hedhi, hivyo navyo hupimwa.

Kipimo kingine ni AMH, kinachokadiria akiba ya mayai. Maabara moja huweza kukiandika kwa nanogramu na nyingine kwa pikomoli. Nanogramu 1 kwa mililita ni sawa na pikomoli 7 hivi kwa lita. Anayelinganisha karatasi mbili bila kutazama vipimo hivyo anaweza kudhani akiba yake imeongezeka, kumbe haijabadilika.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba kudhoofika kwa ovari mapema si sawa na kukoma hedhi moja kwa moja. Ovari huweza kuamka kwa vipindi, na inakadiriwa kuwa wanawake 5 hadi 10 kati ya 100 wenye hali hiyo hushika mimba bila tiba.

Kwa upande mwingine, kuyapuuza majibu kuna gharama. Upungufu wa estrojeni wa muda mrefu hudhoofisha mifupa na kuongeza hatari ya maradhi ya moyo. Kwa sababu hiyo wataalamu hupendekeza tiba ya homoni hadi umri wa kawaida wa kukoma hedhi, yaani takriban miaka 50, isipokuwa kwa wenye vizuizi kama saratani ya matiti.

Karatasi ya maabara, basi, inapaswa kumfikisha mwanamke kwa daktari kabla ya kufika kwenye kikao cha ukoo.