Nani Kasema Alps Ni ya Jibini Tu?

Treni ya mlimani inayopanda hadi Jungfraujoch, nchini Uswisi, hushusha abiria wake kwenye kituo kilicho mita 3,454 juu ya usawa wa bahari, palipozungukwa na barafu mwaka mzima. Ndani ya kituo hicho kuna mgahawa uitwao Bollywood. Kwenye bonde jingine uko Engelberg, mji mdogo wenye watawa wa Kibenedikti tangu mwaka 1120 na unaojulikana leo kwa mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Huko nako wageni kutoka India humiminika kila mwaka kuanzia mwezi Mei, na hoteli huwapikia wali, dengu na mboga za viungo. Watu wengi hulicheka jambo hili. Wengine hulikasirikia: mtu anasafiri nusu ya dunia kwenda kula kile alichokiacha nyumbani kwake? Nadhani wanaocheka hawajautazama vizuri mji wenyewe. Miji ya theluji ya Alps iliundwa na wageni, na chakula cha Kihindi kina haki ya kuwepo pale sawa na chungu cha jibini iliyoyeyushwa. Tukitaka kulalamika, tulalamikie kwamba hakipatikani vya kutosha, hasa majira ya baridi.

Jinsi kilivyofika huko si siri. Mwongozaji wa filamu za Kihindi Raj Kapoor alipeleka kamera zake Ulaya kwa ajili ya Sangam, filamu ya mwaka 1964, na mwongozaji mwenzake Yash Chopra akaifanya Uswisi kuwa uwanja wake wa mapenzi na nyimbo. Machafuko ya Kashmir yalipopamba moto kuanzia 1989, watengeneza filamu waliozoea milima ya nyumbani walihitaji theluji nyingine, na Alps ikawa tayari. Mwaka 1995 ikatoka Dilwale Dulhania Le Jayenge, ambayo sehemu zake zilipigwa Gstaad na vijiji vya jirani. Wasomaji wa Tanga, Mombasa na Unguja waliokulia kwenye filamu za Kihindi hawahitaji kuelezwa Shah Rukh Khan na Kajol ni nani. Sanamu zao bapa zimewahi kusimamishwa juu ya mlima Titlis, hapo hapo Engelberg, na watu wakapanga foleni kupiga nazo picha. Mji wa Interlaken ukamjengea Yash Chopra sanamu mwaka 2016. Baada ya waigizaji zikaja familia, na mwaka 2019 wageni wa India walilala katika hoteli za Uswisi zaidi ya usiku 700,000. Kampuni za utalii za India zilishajua kwamba familia yenye bibi asiyegusa nyama haitalipa nauli kama bibi huyo atashinda na mkate na tofaa, kwa hiyo zikaanza kusafirisha wapishi pamoja na wasafiri. Hoteli zikafungua majiko yao. Ilikuwa hesabu ya biashara tangu mwanzo, na sioni aibu yoyote ndani yake.

Pingamizi la kwanza ni lile la utamaduni: anayekwenda ugenini ale cha wenyeji, na mji unaopikia kila mgeni chakula chake hupoteza nafsi. Linasikika vizuri mpaka uulize hicho cha wenyeji ni kipi. Fondue, hicho chungu cha jibini iliyoyeyushwa, ilikuwa chakula cha sehemu za magharibi za Uswisi, na ilikuwa katika miaka ya 1930 ambapo muungano wa wauza jibini wa nchi hiyo uliinadi kuwa mlo wa taifa zima, kwa sababu ulikuwa na jibini ya kuuza. Viazi vya rösti asili yake ni Amerika. Makaroni yanayochanganywa na viazi, krimu na jibini, yakaletwa mezani na rojo la tofaa pembeni kama chakula cha wachungaji wa Alps, yana asili ya Italia. Hata ski zenyewe zilitoka Norway. Mwaka 1894 Arthur Conan Doyle, yule yule wa Sherlock Holmes, alivuka kwa ski kutoka Davos hadi Arosa, wakati mchezo huo ukiwa bado ni jambo geni kwa wakazi wengi wa mabonde yale. Waingereza wa wakati huo walikuwa wageni wagumu kuliko Wahindi wa leo. Walitaka chai yao ya alasiri, walitaka magazeti yao, na katika miji kama Zermatt walijengewa makanisa ya Kianglikana ili wasali kwa lugha yao. Mji uliokubali kuweka kanisa kwa ajili ya mgeni unashtuka nini kuwekewa sufuria la dengu?

Tena Waswisi wenyewe walianza kula bizari zamani. Mwaka 1952 kampuni ya migahawa ya Mövenpick ilileta mlo uitwao Riz Casimir: wali, nyama ya ndama iliyokatwa vipande kwenye mchuzi mwepesi wa bizari, na juu yake ndizi na nanasi. Mpishi wa Mumbai angeutazama kwa mashaka, na wa Mombasa pia. Lakini vizazi vimekulia na mlo huo, na leo watu huukumbuka kama chakula cha utotoni. Basi lawama haiko kwenye bizari yenyewe. Bizari iliyopozwa na mwenyeji hupokewa. Inayopikwa na mwenyewe kwa ajili ya watu wake ndiyo inayoitwa vurugu za watalii.

Halafu kuna jambo ambalo watetezi wa "kula cha wenyeji" hawalitaji, pengine kwa kuwa wao wanakula kila kitu. Jibini maarufu za Uswisi kama Gruyère hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotolewa kwenye tumbo la ndama. Mhindu asiyekula nyama, akishika mila yake sawasawa, haigusi. Ndani ya chungu cha fondue kuna mvinyo mweupe na mara nyingi pombe kali ya cheri, kwa hiyo Mwislamu naye anakaa kando. Mjaini, muumini wa dini ya Kijaini ya India, hali vitu vinavyong'olewa ardhini, si viazi, si kitunguu maji wala kitunguu saumu, na hapo rösti nayo imekwenda. Anabaki na saladi. Msomaji wetu anayeuliza kama nyama ni halali kabla ya kuketi mezani anaelewa kwamba hapa suala si ulimi wa kudeka. Kumwambia mtu huyo aonje utamaduni wa mahali ni kumwambia akae na njaa kwa adabu.

Na jikoni kwenyewe kazi si rahisi kama wacheshi wanavyodhani. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa joto lililopungua karibu nyuzi moja. Pale Jungfraujoch huchemka kwenye nyuzi 88 au zaidi kidogo. Dengu zinazoiva haraka Mumbai zitaendelea kugonga sufuria huku mpishi akizikodolea macho, na wali utakuwa na kiini. Maharage usiseme. Ndiyo maana presha kuka, chombo ambacho jiko la Kihindi haliwezi kuishi bila hicho hata usawa wa bahari, huko juu kinakuwa mkombozi: kinarudisha joto ambalo mlima umelipunguza. Wapishi wanaopandisha wageni Kilimanjaro, ambako maji ya Kibo huchemka kabla ya kufika nyuzi 86, wanalijua tatizo hili bila kusomewa fizikia. Mapishi ya Kihindi, basi, yanaukabili mlima vizuri kuliko mengi yanayodai kuzaliwa hapo.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuwa na subira zaidi kuliko wengine katika mjadala huu. Reli ya Jungfrau ilianza kujengwa mwaka 1896, mwaka ule ule ambao reli ya Uganda ilianza kutandazwa kutoka Mombasa. Mlima ulitobolewa hasa na vibarua wa Kitaliano hadi 1912; reli yetu ilijengwa na Wahindi zaidi ya 30,000 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Biashara ya bahari ilikuwa imeshaleta mapishi ya Kihindi pwani kitambo, na reli pamoja na maduka yaliyoifuata vikayasukuma bara. Leo nani kule Kisumu anakula chapati ya Krismasi akijiona yuko ugenini? Hakuna aliyeketi kuamua kwamba chapati ni yetu. Ilipikwa vya kutosha, na wengi wa kutosha, mpaka swali likafa lenyewe.

Hapo ndipo pingamizi zito linapokuja, na nusu yake nalikubali. Wanasema chakula hiki Alps hakiwezi kuzoeleka kama chapati kwa sababu hakipikiwi mji. Kinapikiwa makundi, katika ukumbi wa pembeni, kwa saa zilizopangwa na kiongozi wa basi, na mara nyingi ni mchuzi mmoja uliobadilishwa rangi mara tatu. Ni kweli kwa sehemu nyingi. Bei nazo hazisaidii, ingawa Uswisi hakuna cha bei nafuu. Zaidi ya hayo, likizo ya shule nyingi za India huangukia Mei na Juni, ilhali ski ni za Desemba hadi Aprili, kwa hiyo mtu anayeshuka mlimani Januari akiwa amechoka, mikono imekufa ganzi, hukuta jiko la Kihindi la hoteli limefungwa hadi wageni wa basi warudi. Lakini huo ni upungufu wa uendeshaji. Ukumbi wa pembeni ni uamuzi wa mwenye hoteli, na unaweza kubadilishwa kesho.

Wenye hoteli hujibu kwamba wapishi hawapatikani, kwa kuwa vibali vya kazi kwa watu wa nje ya Ulaya ni vichache na vina masharti magumu. Masharti yapo kweli. Ila tangu vita vya Sri Lanka vilipoanza mwaka 1983, maelfu ya Watamil walikimbilia Uswisi, na majiko ya migahawa ndiyo yaliyowapa wengi wao ajira ya kwanza. Wapo hadi leo, wao na watoto wao, baadhi wakiwa raia wa nchi hiyo, wakikoroga fondue na kugeuza rösti kwa jina la mgahawa wa mtu mwingine. Wanajua dosa, wanajua sambari, wanajua dengu ya nazi. Kibali hawakihitaji. Wanahitaji ukurasa mmoja kwenye menyu ya Januari.