Magari yaliyotumika: Ngerengere wapime giaboksi kwanza

Wafanyabiashara wa Ngerengere wanaotafuta gari lililotumika huuliza kwanza mwaka na kilomita. Kilomita hurudishwa nyuma. Fedha hupotelea kwenye giaboksi.

Mfano ni Toyota Probox, gari ambalo huko Japani hubeba kilo 400 na watu 2 (hapa hupakiwa kama lori). Zile za 2002 hadi 2014 zilitoka na gia 5 za mkono au otomatiki ya gia 4. Za petroli zilizofuata marekebisho ya 2014 zina CVT, yaani mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili. CVT huokoa mafuta kwenye lami, lakini mzigo mzito mlimani huichosha, na ikiwekewa oili isiyo yake huharibika.

Kwa anayefuata ndizi na machungwa Kinole au Matombo, gia za mkono bado ni bora, hata gari likiwa na umri mkubwa zaidi. Klachi ikiisha, fundi wa kawaida huibadilisha. CVT ikifa, gharama za kuvuta gari, spea na ufundi zinaweza kumeza mtaji wa msimu, na matunda hayangoji.

Kabla ya kulipa, gari la gia za mkono livutwe breki ya mkono, liwekwe gia ya 3, klachi iachiwe polepole. Injini isipozimika, klachi imekwisha. La otomatiki lipashwe moto, litolewe N kwenda D, kisha R. Likichelewa kushika au likigonga, bei ishuke sana. Oili yake ikinuka kuungua, hakuna haja ya kuendelea kupatana.