Ndama jike ndiye mlipa deni: Hesabu ya ng'ombe wa mkopo Ngara na Biharamulo

KWA familia iliyopata ng'ombe wa mkopo, siku anapozaa si siku ya kusubiri maziwa peke yake. Kabla ndama hajasimama vizuri, wenye nyumba huinama kutazama jinsia yake. Akiwa jike, deni limepata mlipaji. Akiwa dume, familia inangoja tena kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Huo ndio msingi wa utaratibu wa Kopa Ng'ombe, Lipa Ng'ombe, ambao umetumika mkoani Kagera na sehemu nyingine nchini kwa miongo kadhaa. Mfugaji hapewi fedha. Hupewa mtamba, mara nyingi akiwa na mimba, kwa makubaliano kwamba atarudisha mtamba mmoja ili apewe jirani anayefuata kwenye orodha. Ipo mikataba inayodai wawili.

Tatizo ni kwamba miradi ya aina hii hupimwa kwa idadi ya ng'ombe waliogawiwa. Siku ya kugawa mitamba huwa na viongozi, hotuba na picha. Siku ndama anapokufa kwa ndigana kali, hakuna mgeni anayefika. Kwa wafugaji wa Ngara na Biharamulo, kipimo cha kweli ni ndama jike wangapi wamefikisha umri wa kukabidhiwa.

Utaratibu ulikotoka

Shirika la Heifer la Marekani ndilo lililoutangaza sana utaratibu huu duniani. Shehena yake ya kwanza ya mwaka 1944 ilikuwa ya mitamba 17 iliyopelekwa Puerto Rico. Sharti lilikuwa kwamba anayepokea naye ampe mwenzake mzao wa mnyama wake. Hapa nchini shirika hilo limefanya kazi tangu miaka ya 1970, na mkoani Kagera mradi uliofadhiliwa na Uholanzi ulisambaza mitamba kwa wafugaji wadogo kwa njia hiyohiyo.

Kanuni hiyo imepelekwa hadi kwenye milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ambako familia hupewa alpaka, mnyama afugwaye kwa sufu yake. Alpaka hubeba mimba kwa zaidi ya miezi 11 na huzaa mtoto mmoja tu, hivyo wafugaji wa huko nao wanaijua subira tunayoizungumzia.

Majirani zetu wa Rwanda, wanaopakana na Ngara, walianzisha mpango wao wa Girinka mwaka 2006. Huko nako familia maskini hupewa ng'ombe mmoja, na ndama jike wa kwanza hupewa jirani. Kote huko hesabu ni moja: asipopatikana mzao jike aliye hai, mnyororo unakatika.

Porini hakuna tena nafasi

Zamani mfugaji wa Biharamulo aliyepoteza ndama aliweza kujifariji kwamba kundi ni kubwa na pori ni pana. Mambo yamebadilika. Mwaka 2017 mifugo iliondolewa katika mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Mwaka 2019 mapori hayo yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye ukubwa wa kilometa za mraba 4,707. Kulisha ng'ombe humo ni kosa kisheria.

Ngara, upande wa milimani, ardhi ni ya vilima, migomba, kahawa na maharage, na mashamba ni madogo. Huko ng'ombe mmoja au wawili bandani ndio wanaowezekana. Faida yao ni maziwa, lakini pia mbolea. Mgomba usiopata samadi katika ardhi iliyolimwa miaka mingi hupungua mkungu mwaka hadi mwaka.

Soko nalo lipo. Malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo husimama Nyakanazi, Lusahunga na Benaco, na kwenye migahawa ya vituo hivyo chai ya maziwa haikosi mnywaji. Mfanyabiashara mdogo anayekusanya maziwa asubuhi anaijua tofauti ya kijiji chenye ng'ombe watatu wanaokamuliwa na chenye ishirini.

Kwa hiyo mfugaji mdogo hawezi tena kutegemea wingi wa kundi. Kundi lake litaongezeka kwa ndama wanaozaliwa nyumbani kwake, mmoja mmoja, na kila anayekufa ni pengo kubwa.

Tupige hesabu

Tuchukulie familia imekabidhiwa mtamba mwenye mimba ya miezi mitano. Ng'ombe hubeba mimba kwa miezi tisa, hivyo atazaa baada ya miezi minne. Ndama akiwa jike, atalelewa hadi miezi 18 hivi ili apandishwe na kukabidhiwa. Deni limelipwa katika mwezi wa 22.

Ndama wa kwanza akiwa dume, itabidi kungoja uzao wa pili. Ng'ombe aliyetunzwa vizuri huzaa tena baada ya miezi 12 au 13, lakini kwa mfugaji wa kijijini miezi 15 si ajabu. Deni sasa linalipwa mwezi wa 37. Akizaa dume mara ya pili, ni mwezi wa 52, yaani miaka minne na miezi minne.

Kwa kuwa dume na jike huzaliwa karibu sawa, katika familia nane, nne zitapata jike mara ya kwanza, mbili mara ya pili, moja mara ya tatu, na moja itaendelea kungoja. Hiyo ni bila kifo hata kimoja.

Sasa tuongeze vifo. Ikiwa kati ya ndama jike watano mmoja hufa kabla ya kukabidhiwa, kikundi kilichogawa mitamba kumi na kutarajia majike watano katika uzao wa kwanza kitapata wanne. Jirani wa tano kwenye orodha atasubiri mwaka mwingine, na hapo maneno huanza: fulani kauza ndama, fulani kadanganya. Vikundi vingi huvunjika kwa maneno ya namna hii kuliko kwa wizi wa kweli.

Lita tatu za kila siku

Adui wa kwanza wa ndama ni njaa, na mara nyingi njaa hiyo hutoka kwenye ndoo ya mwenye ng'ombe. Ndama wa kilo 25 hadi 30 anahitaji maziwa yapatayo moja ya kumi ya uzito wake, yaani karibu lita tatu kwa siku. Ikiwa mama yake anatoa lita sita, nusu ni ya ndama. Ni rahisi kusema, ila ni vigumu kutenda pale mteja anapogonga mlango na fedha mkononi.

Lakini hebu tuhesabu. Lita tatu kwa siku 90 ni lita 270. Ukiuza lita moja kwa shilingi 1,000, ni shilingi 270,000. Kwa fedha hiyo humpati mtamba chotara wa maziwa. Aliyeuza maziwa ya ndama ameuza mtamba kwa bei ya kutupa, tena mtamba ambaye si wake bali wa jirani.

Zaidi ya hapo, ndama ni lazima anyonye dang'a ndani ya saa sita za kwanza, kwani kinga ya mwili wake inatoka humo. Kitovu kipakwe dawa ya ayodini. Alale pakavu. Haya hayahitaji fedha nyingi, yanahitaji mtu wa kuamka usiku.

Kuhusu chakula cha mama, wengi hutegemea magogo ya migomba. Gogo lina maji mengi na lishe kidogo, hivyo liwe nyongeza tu. Matete, majani ya mikunde na pumba ndivyo vitoe maziwa. Tena tangu ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera katikati ya miaka ya 2000, panga linalokata mgomba mgonjwa hupeleka ugonjwa kwa mzima. Atakayekata majani ya ng'ombe asafishe panga kabla ya kuhamia shina jingine.

Kupe na mbung'o

Adui wa pili ni ndigana kali, inayoenezwa na kupe wa kahawia wa masikioni. Ndama hupata homa, tezi za chini ya sikio na za begani huvimba, hupumua kwa shida, na mwisho povu hutoka puani. Dawa ya buparvakwoni husaidia ikitolewa mapema. Ikitolewa povu likishaonekana, mara nyingi fedha imepotea pamoja na ndama.

Desemba 2018 Serikali ilizindua uogeshaji wa mifugo kitaifa huko Chato, wilaya iliyokatwa kutoka Biharamulo, kwa bei elekezi ya shilingi 50 kwa ng'ombe na shilingi 10 kwa mbuzi au kondoo. Juni 2025 ikazinduliwa Bariadi kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo kwa bei ya ruzuku. Kampeni hiyo ni ya maana, lakini mfugaji aielewe: kwa ng'ombe ililenga homa ya mapafu, na kwa mbuzi na kondoo sotoka yao. Aliyechanja homa ya mapafu hajamkinga ndama wake na ndigana kali.

Chanjo ya ndigana kali ipo. Ilitengenezwa Muguga nchini Kenya, na wafugaji wa Kimasai wa kaskazini mwa Tanzania wameitumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Hutolewa mara moja, pamoja na dawa ya tetrasaiklini, kwa ndama wa mwezi mmoja na kuendelea.

Ugumu wake ni kwamba huhifadhiwa katika nitrojeni ya baridi kali, na ikishayeyushwa hutosha makumi ya ng'ombe na haina budi kutumika siku hiyohiyo. Mfugaji mmoja hawezi kuiagiza. Kijiji chenye ndama 30 waliokusanywa siku moja kinaweza.

Upande wa Biharamulo, tangu enzi za ukoloni eneo hilo limejulikana kwa mbung'o na malale. Mfugaji aliye jirani na hifadhi asitafute Friesian halisi kwa kuvutiwa na lita nyingi. Chotara mwenye damu ya ng'ombe wa kienyeji huvumilia zaidi. Dawa ya kupaka mgongoni na vitambaa vya bluu na nyeusi vilivyotiwa sumu hupunguza mbung'o, hasa majirani wakivitumia kwa pamoja.

Mbuzi wa maziwa kwa asiye na uwezo

Si kila kaya inaweza ng'ombe. Mbuzi wa maziwa hubeba mimba kwa miezi mitano, huzaa mapacha mara kwa mara, na chakula chake hubebwa na mtoto wa shule. Deni lake linaweza kumalizika ndani ya mwaka mmoja na nusu. Kwa mjane au kijana anayeanza, hiyo ndiyo ngazi ya kwanza. Akishindwa, hasara yake ni ndogo. Akifaulu, kikundi kimekwisha kumpima kabla ya kumkabidhi ng'ombe.

Mkataba useme nini

Mikataba mingi huandikwa kana kwamba kila ng'ombe huzaa jike na kila ndama hukua. Ni vema vikundi vikae na ofisa mifugo na kuandika mambo manne waziwazi.

Kwanza, ndama dume ni wa nani. Akiwa wa familia, fedha yake inunue pumba na dawa, na hapo dume naye amechangia kulipa deni. Pili, nini kifanyike madume yakifuatana mara mbili. Kikundi kinaweza kukubali familia iwauze na kuongeza fedha kununua mtamba, badala ya kuwaita wadaiwa sugu watu wasio na kosa.

Tatu, ndama akifa, ofisa mifugo au viongozi wa kikundi waone mzoga ndani ya siku moja. Hilo huua uvumi. Nne, mtamba asikabidhiwe kabla ya kupimwa ugonjwa wa kutupa mimba, kwa sababu zawadi yenye ugonjwa huo hupeleka hasara kwa jirani, na maziwa yasiyochemshwa huuleta hadi kwa watoto.

Liongezwe na suala la dume la kijiji. Mtamba akipandwa na baba yake, uzao unadhoofika. Dume libadilishwe na kijiji kingine kila baada ya miaka miwili hivi, au kikundi kijiandikishe kwa uhimilishaji. Mbegu za dume huzalishwa katika kituo cha taifa cha Usa River, Arusha, na kuzifikisha Ngara zikiwa na ubaridi wake ni kazi ambayo halmashauri inaiweza zaidi kuliko mtu mmoja.

Halmashauri nazo zitazame upya bajeti zao. Mtamba mmoja anayenunuliwa kwa ajili ya kugawiwa hugharimu fedha ambayo ingechanja ndama wengi dhidi ya ndigana kali. Kuendelea kununua mitamba huku ndama wa mitamba ya jana wanakufa ni kujaza maji pipa lililotoboka.

Mfugaji naye asingoje halmashauri. Leo hii ndama aliye bandani anaweza kupewa lita zake tatu, kukaguliwa masikio kila asubuhi na kuandikwa kwenye orodha ya wanaosubiri chanjo. Jirani aliye nambari inayofuata anamtazama ndama huyo kwa jicho lilelile la mwenye nyumba, na ana haki.